Bendi imetokea, sasa tuulizane: kupima bakteria ndani ya wadudu wa porini

Waliokosa kufika kwenye mazungumzo yangu waliniomba niweke yote niliyosema, basi hii hapa, nimeiandika kama nilivyoongea. Slaidi nimeziacha.

Walimu wangu shikamooni, vijana hamjambo, na nyie mliokuja hapa kwasababu tu mnapenda wadudu, karibuni sana, nyie ndio nilikuwa nawasubiri.

Nina swali. Nikimkamata nzi wa matunda mmoja, nikamtia kwenye kichupa nikakupa, alafu nikakuuliza humu ndani kuna viumbe wangapi, utanijibu nini? Utasema mmoja, na macho yangu pia yanasema mmoja. Lakini ndani ya seli za huyo nzi, sizungumzii uchafu wa miguuni wala chakula kilichopo tumboni, nasema ndani ya seli zenyewe, kunaweza kuwa na bakteria aliokuja nao tangu yuko kwenye yai, mama yake aliwapata kwa mama yake, na yule kwa mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma vizazi na vizazi. Hawana alama kwenye bawa. Mara nyingi hata hawamfanyi augue. Wapo tu, wametulia humo.

Na wapo wadudu ambao bila hao bakteria maisha hayaendi. Kidukari ananyonya utomvu wa mmea maisha yake yote, utomvu una sukari nyingi lakini amino asidi muhimu, yaani vile vijenzi vya protini, ni haba, sasa anazipata wapi? Kuna bakteria anaitwa Buchnera anamtengenezea humo humo mwilini. Mbung'o chakula chake ni damu tupu, damu haina vitamini B za kumtosha, anatengenezewa na Wigglesworthia. Kunguni naye vivyo hivyo, mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ukimpa kunguni antibayotiki hadi bakteria wake waishe, anadumaa na uzazi unaharibika, lakini ukimwongezea vitamini B kwenye damu anayokunywa anarudi vizuri. Huyo bakteria wa kunguni ni Wolbachia, na ndiye nataka tumzungumzie zaidi leo kwasababu ndiye mtakayekutana naye sana mkianza kupima wadudu wa porini.

Wolbachia alionekana mwaka 1924, huko Marekani, Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walikuwa wanachungulia mbu aina ya Culex pipiens kwa darubini wakamkuta kwenye viungo vya uzazi. Mwaka 1936 Hertig akampa jina kamili, Wolbachia pipientis. Alafu kimya! Bakteria ana jina, ana michoro, na hakuna anayejua anafanya nini mule ndani, mpaka mwaka 1971 ndio watafiti Yen na Barr wakaonyesha kwamba dume mwenye Wolbachia akimpanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye Wolbachia yeye hana shida, apandwe na dume asiye naye au mwenye Wolbachia wa aina ile ile, mayai yake yanaanguliwa. Mnaona ujanja? Bakteria anarithishwa na mama, kwahiyo anawabania majike wasio naye ili wenye naye wazidi. Na sio hapo tu, kwa wadudu wengine anaua madume wakiwa bado wachanga, kwa wengine anamgeuza aliyekuwa awe dume anakuwa jike, na kuna vinyigu vidogo sana vinaitwa Trichogramma ambavyo majike wanazaa majike bila dume kabisa, mwaka 1990 watafiti wakawapa antibayotiki na madume yakaanza kuzaliwa.

Mtu akisikia haya anataka kukimbia nje na wavu saa hiyo hiyo. Nami nawaambia kimbieni! Lakini kabla hamjakimbia kuna jambo moja nataka likae vichwani mwenu, nitalirudia mpaka mlichoke.

Kipimo chetu ni PCR, wengi mlikisikia wakati wa Korona. Unamponda mdudu, unatoa DNA, alafu unaweka praima mbili, yaani vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maalum ili vinase sehemu moja tu ya jeni ya bakteria unayemtafuta. Kwa Wolbachia watu wengi wanatumia jeni inayoitwa wsp, inatoa kipande cha herufi kama 600 hivi, au sehemu ya jeni ya 16S inayotoa kama 438. Mashine inapandisha joto mpaka kama nyuzi 94 DNA inaachana, inashusha mpaka 55 au karibu na hapo praima zinashika, inapandisha 72 enzaimu inajenga nakala. Mzunguko mmoja kipande kimoja kinakuwa viwili, unaofuata vinne, unaofuata vinane, ikienda mizunguko 30 bila kupoteza hata kimoja, kipande kile kimoja kimekuwa zaidi ya bilioni. Unamimina kwenye jeli, unawasha umeme, DNA ina chaji hasi kwahiyo inakimbilia upande wa chanya, fupi zinatangulia ndefu zinabaki nyuma, na kama bakteria alikuwepo unaona mstari unang'aa mahali pake. Hiyo ndio bendi. Na bendi inafurahisha jamani, nisiwafiche, mtu mzima anaruka.

Nigusie sampuli kidogo kwasababu kazi nyingi inafia pale pale kwenye kukamata. Mdudu akishakufa DNA inaanza kuoza, mtie kwenye etanoli kali ya asilimia 95 mapema, au friza. Formalini achana nayo, inaharibu DNA. Kama mdudu ni mdogo kama nzi wa matunda ponda mzima. Akiwa mkubwa tumia tumbo, kwasababu Wolbachia anapenda kukaa kwenye ovari na korodani, ukichukua mguu unaweza ukamkosa wakati yupo kibao huko nyuma. Na kabla ya kumponda mwoshe ngozi ya nje.

Sasa lile jambo langu. Bendi kwenye jeli inakwambia nini? Nauliza tena, inakwambia nini hasa? Wengi wanajibu, inaniambia mdudu huyu ana Wolbachia. Hapana. Inakwambia kwamba kipande cha DNA kinachofanana na cha Wolbachia kilikuwepo ndani ya tyubu. Basi. Kutoka kwenye tyubu mpaka kwenye mdudu kuna safari, na safari hiyo ndio kazi yenu, mashine haiwezi kuwafanyia.

Kuna kundi moja la wanafunzi niliwahi kukaa nao wakati wanasoma jeli yao. Wamekamata wadudu mchanganyiko, nyigu, mende, vipepeo, panzi, na karibu kila mstari wa jeli, yaani njia ya sampuli moja, una bendi, chumba chote makelele, mmoja ameshaanza kuandika kichwa cha ripoti. Binti mmoja alikuwa kimya anahesabu mistari kwa kidole, alafu akauliza, na huu wa mwisho ni wa nani? Wa mwisho ulikuwa ni wa maji. Yaani ile tyubu ambayo ina kila kitu isipokuwa mdudu. Na ulikuwa na bendi, hafifu, ukiinamisha kichwa unaiona, ukisimama wima huioni. Mmoja akasema si tuikate tu kwenye picha, haionekani vizuri hiyo. Binti akakataa, akasema kama maji yana Wolbachia basi hata panzi wetu hatumjui. Akakatiwa maneno, akarudia vile vile, na mimi pale nilimpenda sana yule mtoto. Wakatupa matokeo yote. Wakafungua maji mapya, tyubu mpya, wakafuta pipeti, na muhimu kuliko vyote wakahamisha kazi ya kuandaa PCR kwenye chumba kingine mbali na pale wanapofungulia tyubu zilizokwisha, kwasababu tyubu moja iliyomaliza PCR ina mabilioni ya vile vipande, ukiifungua kwa pupa vinaruka hewani na kesho vyote viko kwenye mchanganyiko wako. Waliporudia bendi nyingi zikapotea. Zilizobaki zilikuwa chache, na zile chache ndizo tulizozungumza.

Kwahiyo kila mara weka tyubu ya maji. Weka mdudu unayejua kwa uhakika anaye, na mdudu unayejua hana. Hizo ndizo kontroli. Na kwa kila mdudu pima pia jeni yake mwenyewe, ile ya CO1 inayotumika kutambua wanyama, ili ukiona hakuna bendi ya Wolbachia ujue kama DNA yenyewe ilitoka au ulipima tyubu tupu. CO1 haikutoka? Basi usiseme hana. Hujapima bado.

Haya, tuseme maji yako ni safi kabisa, bendi ya kidukari inang'aa. Tumalize? Ebu chukua vidukari vyako uvitazame kwa darubini kabla ya kuviponda. Utaona vingi ni laini, vinang'aa, vinatikisa miguu. Alafu katikati yao unakuta kimoja kimevimba kama puto, rangi imekuwa ya hudhurungi, ngozi imekauka kama karatasi na kimeganda kwenye jani. Kitoboe taratibu kwa sindano. Ndani hamna kidukari tena, kuna lava wa nyigu amejikunja, amekula kila kitu akabakiza ganda. Huyo umemkuta kwasababu amekua, lakini wiki moja kabla alikuwa mdogo ndani ya kidukari aliyeonekana mzima kabisa, nawe ungeponda wote wawili kwa pamoja. Sasa bendi ile ni ya kidukari au ya nyigu? Jeli haiwezi kukujibu. Na sio nyigu tu, kuna utitiri, kuna minyoo, kuna mdudu aliyemla mdudu mwenzie jana jioni.

Na ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kuna nzi wa matunda anaitwa Drosophila ananassae. Watafiti waliwapa nzi hao antibayotiki, bakteria wakaisha, wakapima kwa PCR na Wolbachia bado anatokea. Wakapima tena, bado. Mwaka 2007 wakatoa majibu, karibu jenomu nzima ya Wolbachia, yaani DNA yake yote, ilikuwa imehamia ndani ya kromosomu za nzi mwenyewe! Yaani nzi amebeba maandishi ya bakteria kama sehemu ya mwili wake, bakteria hayupo. Walijuaje? Njia mojawapo ni kuwazalisha, madume waliotibiwa wakapandishwa kwa majike wasio na Wolbachia, na watoto wakawa na zile jeni. Wamezipata kwa baba. Na tumeshasema Wolbachia hai anarithishwa na mama. Mimi jaribio hilo nalipenda mno, halikuhitaji mashine ya ajabu, lilihitaji mtu wa kuuliza hii bendi imepitia kwa nani.

Mfano wa mwisho hapa unatugusa wengi kwasababu unahusu malaria. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mbu wa Anopheles porini hawana Wolbachia. Mwaka 2014 ikatoka taarifa kwamba DNA ya Wolbachia imepatikana kwa Anopheles gambiae huko Burkina Faso, na baada ya hapo wengine wakaripoti sehemu nyingine, na unaelewa msisimko wake, kwasababu Wolbachia kwenye baadhi ya mbu anazuia vimelea na virusi visistawi. Lakini mwaka 2019 watafiti Chrostek na Gerth wakaandika makala kuuliza, kweli Anopheles gambiae ni mwenyeji wa asili wa Wolbachia? Hoja yao nzito ni kwamba ushahidi mwingi ulikuwa vipande vya DNA vya kiasi kidogo sana, na vipande hivyo vinaweza kuingia kwa njia nyingine, kwa chakula, kwa vimelea, kwa mazingira. Hawakumtukana mtu, walisema leteni ushahidi zaidi. Alafu mwaka 2021 ikaja kazi nyingine kuhusu Anopheles wa aina tofauti, moucheti na demeilloni, na hawa walioneshwa vizuri, bakteria ni wengi, wanaonekana kwa darubini kwenye ovari, jenomu imesomwa, na mama anawarithisha watoto. Mnaona tofauti? Wote walianza na DNA. Kilichotofautiana ni umbali waliokwenda baada ya bendi.

Basi na wewe nenda mbali kadiri unavyoweza. Hatua ya kwanza ni kupeleka kile kipande kisomwe herufi zake na kulinganisha na vilivyopo kwenye GenBank, hazina ya mtandaoni ya DNA zilizokwisha kusomwa, maana bendi yenye urefu sahihi inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Hata praima za CO1 zenyewe wakati mwingine zinanasa jeni ya Wolbachia badala ya ya mdudu, usipoisoma hutajua kamwe.

Ngoja niongeze kitu ambacho watu hawakisemi sana. Tuseme umethibitisha, bakteria yupo, ni hai, anarithishwa. Je, umejua anachofanya? Hujajua. Kuna kipepeo anaitwa Hypolimnas bolina, kwenye visiwa vya Samoa Wolbachia alikuwa anaua madume yake kiasi kwamba mwaka 2001 madume yalikuwa kama asilimia 1 tu ya vipepeo. Fikiria, majike mia, dume mmoja. Watafiti waliporudi miaka michache baadaye, vizazi kama 10 tu vya kipepeo vimepita, kwenye kisiwa cha Upolu madume wamefika karibu asilimia 40. Unadhani bakteria alitoweka? Hakutoweka, bado yupo, hata kwenye madume. Kipepeo ndiye aliyepata jeni ya kumzuia asiue. Kwa PCR ya ndio au hapana, jike wa mwaka 2001 na jike wa baadaye wanatoa bendi ile ile, mahali pale pale. Kilichobadilika kilionekana kwa watu waliohesabu vipepeo, dume wangapi, jike wangapi. Kwahiyo nawaomba, msiwe watu wa tyubu tu. Hesabuni. Andikeni jinsia. Mkiweza fugeni muone mayai mangapi yanaanguliwa.

Namalizia na wale ambao jeli zao zitakuwa tupu, na mtakuwa wengi. Mtu akipata hasi anajiona hajafanya kitu, anaificha. Ebu sikilizeni. Wanasayansi wamejaribu kukadiria ni sehemu gani ya spishi za wadudu na jamaa zao wana Wolbachia, mwaka 2008 makadirio yakasema asilimia 66, mwaka 2012 wengine wakasema 40, mwaka 2015 wengine 52. Kwanini zinatofautiana hivyo? Sababu kubwa ni kwamba spishi nyingi zimepimwa mdudu mmoja au wawili tu, na ndani ya spishi moja bakteria anaweza kuwa karibu kwa kila mmoja au kwa wachache sana, kwahiyo inabidi kukisia kwa hesabu, na kila hesabu ina dhana zake. Fanya hesabu ndogo. Kama bakteria yupo kwa mdudu mmoja kati ya kumi, ukimpima mmoja una nafasi ya asilimia 90 ya kumkosa. Ukipima 20, nafasi ya kuwakosa wote inashuka mpaka kama 12. Ukipima 30, kama 4. Sasa aliyepima panzi 30 akapata hasi zote na akaandika, huyo ametupa habari kubwa kuliko aliyepima mmoja akapata chanya akaondoka anaimba.

Na hasi zina kazi hata kwenye afya za watu. Yogyakarta, Indonesia, waliachia mbu wa Aedes aegypti waliotiwa Wolbachia wa nzi wa matunda, wakaachia kwenye nusu ya maeneo ya mji na nusu nyingine wakaiacha, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha wagonjwa wa dengi wamepungua kwa asilimia 77 na waliolazwa kwa asilimia 86. Ni jambo kubwa mno. Lakini walijuaje kwamba bakteria amekaa kwa mbu wa mtaani na hajapotea? Walikuwa wanatega mbu na kuwapima, mmoja mmoja, ndio, hapana, ndio, ndio, hapana. Mtu wa maabara angeficha zile hapana, wangeacha kuachia mbu kabla ya wakati na watu wangeendelea kuugua. Ni kazi hii hii mnayotaka kuanza, jeli hii hii.

Kwahiyo kwenye daftari andikeni tarehe, mahali, nani alikamata, ni dume au jike, mlitumia sehemu gani ya mwili, praima gani, kontroli zilitokaje. Picha ya jeli iwekwe nzima, isikatwe hata kidogo. DNA iliyobaki iende kwenye friza, na kwa mdudu mkubwa ambaye hamkumponda mzima, kichwa, mabawa na miguu visitupwe, vitie kwenye etanoli na namba ile ile ya tyubu, kwasababu mtaalamu akija akasema huyu sio mende mliyemtaja tutahitaji mwili wake tumwangalie tena.

Asanteni sana kwa kunisikiliza, sasa nipeni maswali.